Mipira ya Kabureta na Kinywa Changu

Jumatatu, 6 Mei
Nimemaliza shule na bado sijawa mtu. Fundi pikipiki wa ng'ambo ya barabara anatafuta mwanagenzi mmoja. Atamchagua Jumatatu ijayo. Naitaka nafasi hiyo kuliko kitu chochote! Leo nimevuka barabara mara tatu kumwomba. Mara tatu nimemwamkia, nikarudi nyumbani. Mama anasema asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Lakini pia kuna waliosema kimya kingi kina mshindo mkuu. Mimi niko upande wao.

Binamu yangu anayeishi kwetu naye anaitaka. Tunamwita Spana kwa kuwa hubeba spana kwenye mfuko wa nyuma, kama wengine wabebavyo kitana. Hajawahi kufungua nati hata moja.

Jumanne, 7 Mei
Mpango! Pikipiki kuukuu ya Baba hunguruma yenyewe hata akiachia mkono wa mafuta. Fundi alishasema: mipira miwili inayounganisha kabureta na injini imepasuka, inavuta hewa. Baba akanunua mipya, akaifungia kabatini isije ikachakaa. Nitaibadilisha kwa siri. Baba atashangaa, atauliza ni nani, atamsimulia fundi. Mimi sitasema neno.

Nimejaribu leo. Injini ikiwa inawaka, nimeinyunyizia ile mipira maji. Maji yakaziba nyufa, mngurumo ukashuka! Nikapiga vigelegele, kimoyomoyo.

Jumatano, 8 Mei
Baba ni mlinzi wa usiku. Mchana hulala fofofo. Nimezitoa kabureta. Mipira ya zamani imevunjika mkononi kama biskuti. Mipya nayo imekaa kabatini hadi imekuwa migumu kama kwato. Haiingii! Nimeichemsha kidogo kwenye sufuria ya chai. Ikalainika, ikaingia, nikakaza vibano vyote vinne vinavyoishika. Injini ikatulia kama paka aliyeshiba.

Jioni Baba ameondoka nayo akijichokonoa masikio. Alidhani yameziba.

Tatizo ni sufuria. Bibi ameonja chai, akauliza ni nani amepika ndala. Nimekunywa vikombe viwili ili asinishuku.

Alhamisi, 9 Mei
Asubuhi Baba ameingia ndani kutoka kazini, akauliza ni nani ameitengeneza pikipiki. Wakati ndio huu! Nikavuta pumzi. Spana akapanda kitini ajitazame kwenye kioo, spana yake ikichungulia mfukoni. Baba akaiona spana, akamkumbatia. Spana akasema si kitu, mjomba, kazi ndogo tu. Kazi ndogo!

Nikaitoa ile pumzi.

Ijumaa, 10 Mei
Baba amempeleka Spana kwa fundi kumsifia. Nimewafuata, nimebeba kofia ya pikipiki. Fundi akachuchumaa. Akasema kazi safi: skurubu zote za vibano zimetazama nje, bisibisi izifikie. Akamuuliza Spana mipira migumu vile aliiingizaje. Spana akasema kwa nguvu. Fundi akacheka, akasema kwa nguvu ingechanika, labda alitumia nguvu za mdomo. Kisha akanigeukia, akaniuliza taratibu: "Wewe binti, unamjua aliyefanya kazi hii?"

Nikatazama viatu vyangu. Nikamwonyesha Spana kwa kidole. Kidole chenyewe cheusi kwa grisi!

Jumapili, 12 Mei
Mama ameleta ujumbe wa fundi. Hamtaki Spana: mipira migumu vile haiingii bila kuchemshwa. Aliyeichemsha ile mipira afike kesho, aseme kwa kinywa chake mwenyewe, na nafasi ni yake. Mama ameyasema hayo akisugua sufuria, macho kwangu. Sijui kwa nini kwangu. Nimekuwa msiri mno.

Nimefanya mazoezi mbele ya kioo. "Ni mimi." Maneno mawili tu! Yamekataa kutoka.

Lakini nimepata njia rahisi zaidi. Baba amelala. Nitalegeza vibano viwili vya kushoto, hewa iingie tena. Kesho asubuhi atarudi pikipiki ikinguruma, ataikokota hadi kwa fundi, mimi nikisukuma nyuma. Fundi ataniuliza tena, na safari hii nitaitikia kwa kichwa.

Kimya kingi! Bisibisi ninayo tayari.