Taa ya Samaki wa Bi Daulat

Hotuba ya Ndugu Sikander Jalaludin, Mwenyekiti wa Kamati ya Taa ya Tangi la Samaki, siku ya uzinduzi, ukumbi wa Jumuiya ya Marafiki wa Maziwa Makuu, Rexdale, Toronto.

Ndugu Mlezi wa Jumuiya. Ndugu Makamu Mlezi, unayekaimu. Ndugu Katibu, Katibu Msaidizi, na wewe uliyekalia kiti cha Katibu Msaidizi kwa kuwa mwenyewe yuko shifti. Wazee wetu wa safu ya mbele mliobaki na makoti, maana suala la hita nalo liko kwenye mchakato. Wageni kutoka Mississauga mliokuja kwa treni, na kutoka Vaughan mliokuja mkilalamikia foleni. Kinamama wa jikoni, ambao harufu yenu imetangulia. Vijana wetu mnaoelewa Kiswahili chote mkajibu kwa Kiingereza. Na mgeni wetu wa heshima, Bi Daulat Kamrudin, mwenye samaki, ambaye kesho asubuhi anakwenda kupasuliwa goti: nawasalimu nyote kwa vyeo vyenu, na ambaye sikumtaja ajue ametambuliwa kimoyomoyo. (Makofi.)

Kabla sijafunua hicho kilichofunikwa kwa kanga pale mezani, niruhusuni nitoe usuli. Marehemu Kamrudin, mume wa Bi Daulat, mzaliwa wa Kigoma, alifuga samaki wa Ziwa Tanganyika sebuleni kwake Mississauga. Alipofariki nyumba ikauzwa, Bi Daulat akahamia kwenye kondo, yaani fleti, ya binti yake Tazmin, ambamo ukitaka kufungua friji lazima mtu mmoja atoke nje, na Jumuiya yetu, kwa azimio lililopita bila kupingwa, ikawapokea samaki watano pamoja na tangi lao. Sasa ni watatu. Hawa ni samaki wa woga, taa ikizimwa ghafla wanaruka, na wawili waliruka hadi sakafuni. (Masikitiko.) Asanteni kwa masikitiko, yameingizwa kwenye kumbukumbu.

(Bi Daulat, akiwa kitini: "Waliruka kwa sababu mlizima taa kama mnafunga duka!")

Mchango umepokelewa, Mama. Ndipo Kamati ikaundwa, nami, kwa unyenyekevu ambao wengi wenu mmeushuhudia, nikakubali kuiongoza. Tuliazimia kutengeneza taa sisi wenyewe, LED kumi na mbili juu ya kipande cha alumini, itakayofifia kila jioni kidogo kidogo mpaka giza, ili samaki apate muda wa kujiandaa kisaikolojia. Lakini, wadau wenzangu, LED haichomekwi ukutani hivihivi. Inataka draiva, yaani kile kikasha kinachopokea umeme wa ukutani na kuzipa LED mkondo zinaouhitaji, usizidi, maana ukizidi zinaungua, na si kila draiva inakubali kufifizwa. Kwa mantiki hiyo tulifanya upembuzi yakinifu, benchimaki, warsha moja ya kujengeana uwezo, na brenstomu mbili kwa njia ya Zoom, ambapo mmoja wetu alisahau kuzima maiki na sote tukasikia anavyomsema Mwenyekiti. (Kicheko.) Nilimsamehe, na jina lake ninalo.

Tulichambua draiva tatu. Ya kwanza inashuka vizuri hadi asilimia kumi, halafu inakata kabisa, pwaa, na takwimu zetu zinaonyesha kwamba ni hapo hapo samaki anaporuka. Ya pili inafifia, ila inapepesa na kuvuma, na wazee wakasema wao mvumo wa hita ya zamani ulishawatosha. Ya tatu, ndugu zangu, ilikuwa haina dosari: mkondo wake unalingana na LED zetu, volti zake zinazitosha zote kumi na mbili kwenye mstari mmoja, inashuka polepole mpaka sifuri, na haina kelele. (Makofi.) Msiwahi kupiga makofi. Tuliiahirisha.

(Bi Daulat: "Mliiahirisha kwa nini, Sikander?")

Tuliiahirisha, Mama, kwa sababu lilizuka suala la kisera. Taa ikififia, ifuate machweo ya wapi? Ndugu Mwangi alisema Nairobi, na alisema kwa kusimama. Bi Shafina akasema pasipo Zanzibar yeye anajiuzulu. Ndugu Raza akasema samaki wameshakuwa Wakanada, wafuate Toronto. Akaulizwa, je, kiangazi wasubiri giza mpaka saa tatu usiku kama watoto wasiotaka kulala? Kigoma yenyewe ikapendekezwa kwa heshima ya marehemu, ila ikabainika kwamba jua likizama Kigoma, hapa ni karibu adhuhuri. Ikalazimu kuunda Kamati Ndogo ya Machweo, ambayo baadaye, kwa kutoelewana kidogo, ikazaa Kamati Ndogo mbili zisizosalimiana.

(Bi Daulat: "Niliwaambia jua lolote, mwanangu! Lolote, mradi lizame polepole. Naumia mimi. Hao samaki ndio walionibakia wa Kamrudin.")

Jamani, tusikatizane, hotuba ina taimlaini. Utekelezaji hadi leo umefikia asilimia tisini na moja, kwa maana ya vikao. Uelewa wa wanajumuiya kuhusu draiva umepanda kutoka hakuna hadi wa wastani, hata kinamama wa jikoni sasa wanabishana miliampea wakikunja sambusa. Kwa hiyo naomba kaulimbiu yetu: nikisema Mwanga, semeni Taratibu. Mwanga! (Ukumbi: "Taratibu!") Mwanga! (Ukumbi: "Taratibu!" Bi Daulat anainuka, anashika meza.)

Naona Bi Daulat ameanza kulifunua tangi mwenyewe, kanga moja moja. Ni sawa, huo ndio ushirikishwaji. Basi nitoe shukrani. Namshukuru Bi Daulat, ambaye kila jioni, na goti lile, hupanda basi la barabara ya Kipling akaja hapa kulifunika tangi kwa kanga, ya kwanza, akangoja, ya pili, akangoja, ya tatu, ndipo akazima taa yake ya mezani aliyotoka nayo nyumbani. Ndugu zangu, mfumo huo ndio ninaouzindua rasmi leo. (Minong'ono.) Taa yetu yenyewe haijanunuliwa, wala draiva, wala alumini, ila nafasi yake juu ya tangi imeshapimwa, nami nimepiga nayo picha.

(Bi Daulat: "Na kesho, nikiwa hospitali, atafunika nani?")

Swali zuri sana. Mfunikaji atateuliwa kwenye kikao cha mwezi ujao, akidi ikitimia. (Bi Daulat anamnyooshea ndoo binti yake Tazmin, aliyekaa karibu, anachukua wavu na kuwatia humo samaki wote watatu. "Haya, njoo nao, watakaa bafuni kwetu. Wewe utaoga kwa kopo." Tazmin: "Nitaoga kwa kopo, Mummy.") Tuwapishe njia hao, ni sehemu ya ratiba. Nawashukuru wafadhili watarajiwa, nawashukuru wapiga picha, najishukuru kwa nafasi yangu. Tumetoka mbali! Hatutarudi nyuma! Mwanga!

(Ukumbi umegeuka kuwatazama wanaotoka. Kutoka mlangoni, Bi Daulat anamwambia binti yake mwenye ndoo: "Taratibu, mama. Taratibu.")

Asante, mwitikio nimeusikia. Kwa heshima na taadhima, natamka kwamba mradi umezinduliwa. Twendeni chumba cha pili tukale sambusa. Ndugu Mwangi, zima taa za ukumbi.

(Taa zote zinazimwa kwa mpigo mmoja. Hakuna kinachoruka.)