Kuhusu Kifo cha Tawi Letu Kilichotangazwa Kimakosa

Bi. Corliss Amundrud,
Mhariri, Jarida la Wahitimu,
Chuo cha Tamarack, Minnesota.

Ndugu Mhariri,

YAH: KUTANGAZIWA KIFO NIKIWA MZIMA

Habari za kazi. Sisi huku hatujambo, theluji imeanza kuyeyuka. Nimesoma mara nne makala yako kuhusu nyumba nne za tawi la udugu wetu, chama cha wanafunzi wanaoapishwa na kuishi pamoja, hapo chuoni. Picha ni nzuri. Maneno ndiyo yaliyonifanya niweke kikombe cha kahawa chini. Malalamiko yangu ni haya:

1. Unasema nyumba ya kwanza, mwaka 1889, ilikuwa "chumba juu ya duka la matandiko ya farasi." Vilikuwa vyumba viwili. Cha pili kilikuwa na dirisha.

2. Unasema nyumba ya pili iliungua mwaka 1911 "kwa uzembe." Ndugu wanne walikuwa wakikausha paja la nguruwe kwa moshi bafuni, na walikwisha kuweka mlinzi wa moto. Mlinzi alitoka kidogo kufuata haradali. Watu wanaoweka mlinzi huwezi kuwaita wazembe.

3. Hili ndilo kubwa. Umeandika kwamba nyumba ya tatu, ile ya matofali Mtaa wa Linden, "ilibaki tupu, tawi likafa Juni 1971 na kufufuka Septemba 1972." Mwaka huo wote mimi nilikuwa humo ndani.

Ni kweli ndugu waliondoka. Wakati ule wa vita vya Vietnam, vijana waliona majoho na maneno ya siri ni utoto, wakahama mmoja mmoja. Wa mwisho alikuwa rais wetu, Lyle Brandvold. Alinikabidhi ufunguo pale kwenye ngazi, akaniambia, "Norval, wewe kaa na nyumba. Tutarudi." Makao makuu ya udugu yalishaandika kwamba tawi likibaki bila hata mwanachama mmoja, hati yake ya usajili inachukuliwa. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Nilikaa.

4. Tawi lilifanya mikutano thelathini na sita mwaka huo, na kumbukumbu zake ninazo. Nilichaguliwa rais kwa kura moja, baada ya mjadala mkali. Tatizo lilikuwa bawabu. Kanuni zinataka bawabu asimame nje ya mlango uliofungwa, na rais awe ndani. Kwa hiyo nilikuwa nabisha hodi, nazunguka, naingia kwa dirisha la jikoni, naulizia neno la siri, kisha natoka tena kwenda kulijibu.

Bi Orpha Kjelstad, mpishi wetu, ambaye alikataa kuondoka kwa sababu hakuna aliyemwambia aondoke, alivumilia hadi Januari. Siku moja baridi ilikuwa ya kukata masikio. Akaniambia, "Norval mwanangu, ama uwe ndani ama uwe nje. Supu inapoa."

Nikamweleza kwamba nisipofanya hivyo tawi litakufa. Akafuta mikono, akavaa koti lake na kwenda kusimama nje ya mlango. Tangu siku hiyo yeye ndiye aliyekuwa bawabu. Neno la siri alilisema vibaya kila mara, nami nilimfungulia kila mara.

5. Septemba 1972 wanafunzi wapya watano walifuata harufu ya mkate wake hadi mlangoni. Niliwaapisha wote kabla ya siagi kuisha. Hapo hakuna kilichofufuka, maana hakuna kilichokufa.

Kwa hiyo naomba makala isahihishwe. Picha yangu ichapishwe kwa ukubwa uleule wa picha za makundi, na chini yake iandikwe "Wanachama wote, 1971–72". Na nyumba ya nne, wanayokaa vijana sasa, ipewe jina langu. Ikishindikana, ngazi tu.

Nakuandikia bila kinyongo. Nisalimie wafanyakazi wote wa jarida, mpiga picha hasa, na mke wangu Verna anakusalimu na kukuomba uniwie radhi.

Wako mwenye uhai na ushahidi,
Norval Tjaden,
Rais wa Tawi, 1971–72.

Nyongeza: Kabla ya kufunga bahasha nilikwenda maktaba ya chuo kuhakikisha tarehe ya kiapo changu. Jina langu halimo katika kitabu cha viapo. Sasa nakumbuka: sherehe ya kutuapisha wanagenzi iliahirishwa kwa theluji, ikaahirishwa kwa ajili ya mitihani, kisha watu wakahama. Sikuapa kamwe. Basi ulivyoandika ni sahihi, tawi lilikufa, tena halikufufuka, kwa kuwa wote mia nne na kumi na wawili waliofuata, chanzo cha viapo vyao ni mimi. Nimempigia simu Lyle, ambaye ana miaka sabini na sita na yuko nyumba ya wazee mjini Duluth. Alicheka hadi muuguzi akaja kuchukua simu. Baadaye akanipigia yeye, sauti imetulia, akasema, "Norval, nilikuambia tutarudi." Anakuja Jumamosi kuniapisha. Vijana wameniuliza kipimo cha joho. Tafadhali barua hii uichapishe kuanzia Jumapili, nikishaapa.