Kuku wa Bwana Refa

Jumatatu, 7 Julai 1958

Baridi. Kinuni magunia mengi, nimepima mpaka mkono umekufa ganzi. Jumamosi timu yetu ya Kinu inacheza na Reli, fainali ya kikombe cha mji. Miaka mitatu mfululizo Reli wametufunga. Miaka mitatu Omolo, karani wa stesheni, hupita mbele ya kinu Jumatatu baada ya mechi akipiga mluzi. Leo amepita kabla ya mechi. Ameanza mapema.

Kosgei, mpakiaji wa magunia na kepteni wetu, ameniambia hii ndiyo mechi yake ya mwisho. Mwisho wa mwezi anarudi Keringet. Baba yake amezeeka na ng'ombe hawana mtu. Ameichezea Kinu miaka tisa na hajawahi kuwashinda Reli hata mara moja. Hakulalamika. Alisema tu angependa kumpelekea mzee habari hiyo. Niliingia stoo nikajifuta machozi na gunia. Unga ukaniingia machoni, nikalia zaidi.

Nimeapa Kosgei atashinda. Wachezaji watumie miguu. Mimi ndiye katibu, nitatumia kichwa.

Jumanne, 8 Julai

Refa wa Jumamosi amejulikana. Ni Bwana Naftaly wa posta. Zamani alikuwa mkali, hata stempu alikuwa akikupa kama anakuadhibu. Lakini tangu Pasaka ameokoka. Hanywi, hagombani, anasalimia hata watu aliowanunia. Nimelifikiria jambo hili mchana kutwa. Aliyeokoka moyo wake ni laini. Mkono mtupu haulambwi, ndivyo wazee walivyosema, na hawakusema waliookoka ni kando.

Jumatano, 9 Julai

Jioni nimekwenda kwenye ushirika wa hao waliookoka kupeleleza. Watu wazuri. Wanasimama mmoja mmoja na kutubu mbele ya wote. Seremala mmoja alisema aliiba misumari kazini mwaka wa hamsini na tano, na juzi ameirudisha yote, hata iliyopinda. Mama mmoja alikiri kumsengenya jirani yake, na jirani alikuwa amekaa palepale. Wakakumbatiana. Kisha Bwana Naftaly akasimama. Alisema mtu alimletea mkungu wa ndizi ili barua yake itafutwe kwanza, naye akala tatu kabla dhamiri haijamkamata. Zilizobaki amezirudisha.

Nimerudi nyumbani nimefurahi sana. Kumbe hupokea.

Alhamisi, 10 Julai

Nimemchukua kuku mwekundu wa mke wangu, Wachuka. Ndiye anayetaga kuliko wote, lakini huwezi kumpelekea refa kuku aliyekonda. Nilimficha ndani ya koti. Bwana Naftaly aliuliza ni wa nini. Nikasema ni zawadi tu ya undugu. Halafu nikakohoa, nikasema pia mimi ni katibu wa Kinu. Akanitazama. Akamtazama kuku. Akapokea, akashukuru kwa sauti ya chini.

Jioni Wachuka alizunguka nyumba akimwita kuku wake. Nikamwonyesha nyayo karibu na banda, nikasema ni nguchiro. Akasema siku za mwizi ni arobaini. Nikakubaliana naye. Hii ni ya kwanza tu.

Ijumaa, 11 Julai

Wachuka alitega mtego wa nguchiro. Nimeukanyaga asubuhi nikienda kunawa. Kidole gumba kimevimba.

Omolo amepita na mluzi wake. Nilimwambia apige leo, kesho hatakuwa na pumzi. Akauliza kama tumepata winga mpya. Nikamjibu tuna kitu kizuri kuliko winga. Alikwenda zake akifikiri, na mluzi ukakatika. Mchana nilikula vizuri.

Jumamosi, 12 Julai

Naandika vumbi likiwa bado masikioni.

Uwanja ulijaa. Vijana wetu walikuwa wamefunga bendeji mpya miguuni. Viatu hatuna na hatuvitaki. Timu zikajipanga. Bwana Naftaly akaingia, filimbi shingoni, kuku mwekundu kwapani.

Nilijiambia labda amepita sokoni. Lakini miguu yangu ilikuwa imekwisha kurudi hatua mbili.

Aliomba watu wanyamaze. Akasema yeye ni mwenye dhambi. Alipokea kuku huyu kutoka kwa ndugu Gachanja, katibu wa Kinu, akijua kabisa ni wa nini, na tangu hapo moyo wake umekuwa ukiiona Kinu ni timu nzuri. Alikwisha kuchemsha maji, ila kuku akamtazama, naye akashindwa. Anaomba msamaha kwa timu zote mbili. Wasipomtaka, atavua filimbi. Wenzake wa ushirika, waliokaa nyuma ya goli, wakaimba. Kepteni wa Reli akasema wamemsamehe, mpira uanze. Ndipo Bwana Naftaly akatembea mpaka mstarini, akanirudishia kuku, akanikumbatia. Kuku alikuwa katikati yetu.

Basi nikaitazama fainali na kuku kwapani, Omolo kando yangu. Kila baada ya muda alinyoosha mkono akamkuna kuku kichwa.

Na timu yangu, jamani. Nasema kama mtu ambaye hakukosa mechi hata moja: haijawahi kucheza hivi. Reli walipata goli mapema, kwa kona, kipa wetu akarukia upande mwingine. Baada ya hapo mpira ukawa wetu. Pasi fupi, za chini. Winga wetu wa kushoto alikimbia kama mtu anayeachwa na treni. Upepo wa kutoka mlima Menengai ulitupiga usoni, hawakujali. Nilitaka kupiga makofi, lakini nilikuwa na kuku.

Wakati wa mapumziko Wachuka akafika. Habari zilikuwa zimemfikia sokoni. Alimchukua kuku wake bila ugomvi, akamfunika na leso. Alisema tu kwamba nguchiro wa mwaka huu wanavaa koti. Omolo alilazimika kukaa chini kwa kicheko.

Kipindi cha pili Kosgei akasawazisha. Kutoka mbali, kwa mguu wa kulia. Kipa wa Reli alisimama tu akaangalia. Goli zuri kuliko yote niliyoona Nakuru. Watu wa Reli wakapaza sauti: bao la kuku, bao la kuku. Kosgei hakushangilia. Alirudi katikati ameinamisha kichwa.

Dakika ya mwisho beki wa Reli aliudaka mpira kwa mikono miwili mbele ya goli lao. Hata Omolo alisema ni penalti. Bwana Naftaly akapuliza. Uwanja mzima ukaanza kulia kama kuku, mpaka watoto na wauza mahindi. Kosgei akauweka mpira. Akageuka, akanitafuta, akaniona na koti langu limejaa manyoya. Kisha akaupiga polepole, makusudi, nje kabisa, upande wa kibendera cha kona.

Tukatoka sare, moja kwa moja. Miaka tisa amengoja, na ushindi akaupiga nje kwa mguu wake mwenyewe. Imeniuma kuliko miaka yote mitatu tuliyofungwa.

Jumapili, 13 Julai

Nimekwenda kwa Kosgei. Alikuwa anafunga sanduku lake. Nilianza kueleza, akanikaribisha chai kwanza. Alisema akifika nyumbani baba yake atamuuliza goli lilifungwaje, na hajawahi kumdanganya baba yake. Ndiyo maana alipiga nje. Mechi itarudiwa Jumamosi ijayo, na ataingoja. Ana ombi moja tu kwangu. Wiki hii nisifanye kitu. Nije uwanjani, nikae, nitazame.

Nimempa mkono na ahadi. Nimelia, safari hii bila unga. Kwa kweli mimi ni mtu mwepesi kuelewa kosa.

Jumanne, 15 Julai

Siku tulivu. Wachuka ameanza kunijibu salamu. Kuku mwekundu amerudia kutaga kama hakupatwa na lolote.

Bwana Naftaly amekataa kuchezesha tena. Wamemteua Mwalimu Kiptanui wa Njoro.

Nimeyapima mambo yote polepole, kama gunia. Timu haikuwa na kosa. Refa hakuwa na kosa. Kosa lilikuwa kuku. Kuku ana macho, anamtazama mtu mpaka anashindwa kumchinja. Yai halimtazami mtu. Nilimwahidi Kosgei sitafanya kitu, na mayai sita ndani ya kofia huwezi kuyaita kitu.

Nimeuliza habari za Mwalimu Kiptanui. Wanasema ndiye aliyemwongoza Bwana Naftaly mpaka akaokoka. Basi huyu atakuwa laini zaidi.