Visanduku Vinne vya Wanawake wa Hadithini

"Inatangazwa kwa wananchi wote kwamba kuanzia tarehe mosi Julai, hakuna mwanamke wa hadithini atakayeruhusiwa kuonekana ndani ya wilaya hii bila kuwa na kikale kinachotambulika na kupigwa muhuri."

Tangazo hilo lilibandikwa kila ubao kuanzia Turwa hadi Nyamisangura, na aliyelibandika ni Vedasto, Kaimu Afisa Masimulizi wa Ofisi ya Uratibu wa Ngano. Alikuwa amekaimu kwa miaka minne. Mtu aliyekaimu miaka minne hulipenda tangazo lolote lenye muhuri, maana huwezi kujua ni lipi litakalomthibitisha kazini.

Waliouliza kikale ni mdudu gani walijibiwa kwa upole. Kikale ni sura ya kale ambayo, kwa mujibu wa wataalamu wa saikolojia, kila binadamu huzaliwa nayo akilini kama anavyozaliwa na kitovu. Ndiyo maana hadithi za Tarime hufanana na za watu ambao hata jina la Tarime hawajawahi kulisikia. Mama ni yule yule, mchawi ni yule yule, na shujaa siku zote hufika amechelewa.

Elimu hiyo ililetwa na Mratibu Mkuu, Bwana Sadock, kutoka semina ya siku tatu jijini Mwanza. Siku ya kwanza walifundishwa vikale. Siku ya pili walifundishwa vikale tena, na mchana palikuwa na sato wa kukaanga. Siku ya tatu ilikuwa ya uhakiki wa kifeministi, lakini Bwana Sadock alikuwa ameshapanda basi la alfajiri kurudi nyumbani, kwa kuwa alikwisha kuelewa.

Baada ya wiki mbili ikatoka Fomu Namba Saba. Wahusika wa kiume walipewa visanduku kumi na kimoja: Shujaa, Mfalme, Mtafutaji, Mzee wa Busara na wengineo, kwa sababu, kama Mratibu Mkuu alivyofafanua, wanaume ni watu wa aina nyingi. Wanawake walipewa vinne: Mama Mlezi, Binti Mtiifu, Mshawishi na Kikongwe Mchawi.

"Na mwanamke asipoenea kwenye kisanduku?" Vedasto aliuliza siku ya mafunzo.

"Anasukumwa kidogo," Bwana Sadock akajibu.

Zoezi la majaribio lilimtaka kila mtumishi amwainishe mama yake mzazi. Vedasto aliandika Mama Mlezi, akapata alama zote. Wakati wa kurudi nyumbani ndipo alipokumbuka kwamba mama huyo mlezi aliwahi kumkimbiza mwizi wa maharage kutoka soko la Sirari hadi ng'ambo ya mpaka, akarudi na gunia lake pamoja na shati la mwizi. Lakini fomu haikuuliza habari za shati.

Mambo yalianza kuwa magumu alipokuja ofisini Mwalimu Irine, anayefundisha fasihi kidato cha tatu. Wanafunzi wake, wasichana ishirini na wawili, walikuwa wamekusanya ngano kutoka kwa bibi zao, wakachagua moja ya kuigiza kwenye tamasha la mkoa kule Musoma. Wengi wao hawakuwahi kufika Musoma. Ngano hiyo ilitoka kwa Bibi Mokami wa Nyamwaga, na bila muhuri haikuwa na ruhusa ya kutoka hata nje ya geti la shule.

"Afisa," Irine alisema, "nani aliwauliza hawa wanawake kabla ya kuwatia kwenye visanduku?"

"Ni wahusika wa hadithini, mwalimu. Huwa hawaulizwi."

"Na waliovichora hivyo visanduku ni akina nani?"

Vedasto akatazama picha ya kamati ukutani. Wajumbe walikuwa saba, na wote saba walikuwa wamefunga tai.

"Ni wataalamu," akasema.

"Basi ufeministi unaanzia hapo hapo. Unauliza kalamu iko mkononi mwa nani."

Vedasto akaitumbukiza kalamu yake mfukoni, kisha akaahidi kwenda Nyamwaga mwenyewe.

Alikwenda Alhamisi kwa pikipiki ya ofisi, na vumbi lilimpaka rangi moja na barabara. Nyumbani kwa Bibi Mokami alimkuta mwanamke wa makamo anaanika mahindi.

"Hodi hapa. Namtafuta mwenye mji."

"Karibu. Mimi ni Gati. Mume wangu yuko migombani, anakuja sasa hivi."

Mume akaja. Alikuwa bibi wa miaka sabini na ushee, jembe begani, gauni amelipandisha likafungwa kiunoni.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mura, kijana wangu. Umemsalimia mke wangu?"

Vedasto hakushangaa. Yeye ni Mkurya wa kuzaliwa, na anaijua nyumba ntobhu: mwanamke mwenye ng'ombe lakini asiye na mtoto wa kiume huoa mke, na watoto wanaozaliwa huitwa kwa jina lake. Aliyeshangaa ni fomu.

Bibi Mokami alikaa, akasimulia. Hapo kale palikuwa na mwanamke aliyeitwa Nyangi, mwenye ng'ombe arobaini na mke mmoja. Zimwi likaja likawameza ng'ombe wote. Wanaume wa kijiji wakafanya kikao siku nane. Siku ya tisa Nyangi akapika ugali wa mtama, akaficha ndani yake mawe yaliyoiva motoni kwa siku nzima, akalikaribisha zimwi chakula. Zimwi lilipopasuka, ng'ombe wakatoka mmoja mmoja, wake na wa kijiji kizima. Wanaume wakamaliza kikao upesi, wakaja kudai wa kwao. Nyangi akawaambia watawapata wakishamaliza mwezi mmoja wa kuchota maji.

"Wakachota?" Vedasto aliuliza, akasahau kabisa kwamba yuko kazini.

"Na kuni juu," Gati akajibu kutoka kwenye mahindi.

Vedasto akakohoa, akafungua fomu. "Huyu Nyangi ana mtoto?"

"Anao, wa mkewe."

"Ni mtiifu?"

"Kwa nani?"

Fomu haikusema ni kwa nani. Akaruka swali. "Je, alimshawishi mwanamume yeyote?"

"Alilishawishi zimwi lile ugali. Nalo halikuhitaji kubembelezwa."

"Basi ni mchawi?"

"Mura, jiwe la moto si uchawi. Hayo ni mapishi."

Vedasto akaifunga fomu. Kuku wa Gati walidonoa viatu vyake. Mwishowe akauliza swali ambalo halikuwa kwenye fomu wala kwenye mwongozo. "Sasa bibi, alikuwa nani?"

Bibi Mokami akamtazama vizuri kwa mara ya kwanza.

"Alikuwa mtu aliyetaka ng'ombe wake," akasema.

Vedasto alirudi ofisini na visanduku vinne vitupu. Bwana Sadock hakukasirika, maana kiongozi wa kweli huona fursa. Alivuta karatasi, na kabla chai haijapoa alikuwa ameirekebisha hadithi kitaalamu. Nyangi akapewa mume anayeitwa Kisyeri, kikale Shujaa. Kisyeri akalichoma zimwi kwa mkuki. Nyangi akamletea maji ya kunywa na kupata sifa ya Binti Mtiifu. Yule mke wa Nyangi, yaani Gati wa hadithini, alifutwa kwa wino mwekundu, kwa kukosa nafasi.

"Sasa imekaa," alisema. "Waambie wasichana waikariri mpaka Jumamosi, watakapoionyesha kwa mgeni wa mkoa. Na barua yako ya kuthibitishwa kazini nitaitia saini siku hiyo hiyo."

Vedasto akaipeleka karatasi shuleni. Irine aliisoma, akaikunja mara nne. Wasichana ndio waliosema. Mmoja aliuliza Kisyeri alikuwa wapi siku zile nane za kikao. Vedasto alitamani ardhi ipasuke, immeze na pikipiki yake.

Jumamosi ukumbi wa Turwa ulijaa. Mgeni rasmi alikuwa Mama Gladys, ofisa kutoka mkoani, mwanamke mwenye miwani na maneno machache. Bibi Mokami, aliyekwisha kusikia kwa wasichana yaliyoipata ngano yake, aliketishwa nyuma na mkewe, tayari kushukuriwa. Bwana Sadock alihutubia kwa nusu saa kuhusu sura za kale zilizomo akilini mwetu sote, na jinsi ofisi yake ilivyozipanga.

"Ningependa kuiona hiyo fomu ikifanya kazi," alisema Mama Gladys.

"Vizuri sana, Mheshimiwa! Fomu haiangalii uso wa mtu. Yeyote amtaje yeyote, asiseme jina, ajibu maswali tu. Vedasto, soma."

Bibi Mokami akasimama. "Ninamjua mtu mmoja. Uliza, mura."

Vedasto akasoma. "Je, huingia katika miji ya watu bila kualikwa?"

"Huingia. Na huondoka na kuku."

Ukumbi ukacheka kidogo. "Je, huchukua kilichozaliwa na wengine, akakigeuza kuwa chake?"

"Juzi tu kachukua kimoja."

"Je, hubadilika umbo?"

"Mbele ya mkubwa huwa mdogo kama sungura. Mbele ya mdogo huwa tembo."

"Je, watu hunyamaza anapopita?"

"Hunyamaza. Akishapita ndipo wanasema."

"Alama zote!" Bwana Sadock akapaza sauti, amefurahi kupita kiasi. "Mheshimiwa, umejionea mwenyewe. Huyo ni Kikongwe Mchawi asilimia mia. Mtu wa hatari kwa jamii." Akachukua muhuri, akaugonga kwenye nakala zote tatu, akatia saini. "Andika jina, Vedasto."

"Jina la mhusika?" Vedasto akauliza.

"Sadock," akasema Bibi Mokami. "Mratibu Mkuu."

Hakuna aliyecheka mwanzoni. Vedasto alishika kalamu juu ya karatasi. Aliifikiria miaka minne ya kukaimu, na ile barua iliyokuwa kwenye mkoba wa bosi ikisubiri saini. Bwana Sadock alimkazia macho, akatikisa kichwa taratibu, tembo kweli kweli. Vedasto akamfikiria mama yake akivuka mpaka na shati la mwizi mkononi. Akaandika jina kwa mwandiko mzuri kuliko wote aliowahi kuandika, na kwenye nakala zote tatu.

"Hii ni ya wahusika wa hadithi!" Bwana Sadock akafoka.

Mama Gladys alikuwa ameshafungua mwongozo. "Hapa mmeandika 'mhusika au mtu'."

"Niliongeza mimi mwenyewe, ili kusiwe na mwanya."

"Haupo. Kifungu cha tisa: Kikongwe Mchawi hataketi meza kuu wala kuzungumza na wanafunzi hadi rufaa yake isikilizwe." Akavua miwani. "Saini ni yako?"

Ilikuwa yake. Kicheko kikaanzia nyuma, kwa Gati, kikapanda hadi kwenye mabati. Bwana Sadock akashuka jukwaani, na kwa kuwa kiti kilichobaki wazi kilikuwa kimoja tu, akaenda kukaa kati ya Bibi Mokami na mkewe. Gati akamsogezea nafasi.

Wasichana wakapanda. Waliigiza hadithi kama ilivyotoka Nyamwaga, na mawe yake, na mke wake, na mwezi wake wa kuchota maji. Wiki iliyofuata, kwa ruhusa ya Mama Gladys, wakaenda nayo Musoma. Walishika nafasi ya tatu, wakarudi wakiimba kana kwamba ni ya kwanza.

Barua ya Vedasto haikusainiwa. Anakaimu mwaka wa tano, lakini siku hizi anakaimu akipiga mluzi.

Rufaa ya Bwana Sadock ilisikilizwa Jumatatu, siku mbili baada ya onyesho la Turwa. Mratibu hawezi kujisikiliza mwenyewe, kwa hiyo Mama Gladys alimteua Mwalimu Irine. Sheria ilidai wanawake wawili waliomjua mrufani kwa zaidi ya miaka kumi waje waseme kwamba si mchawi. Mkewe, Susana, alituma ujumbe kwamba bado anafikiri. Dada yake alikuwa na palizi.

"Basi tuachane na mashahidi," Irine akasema. Akamwekea mezani karatasi nyeupe, isiyo na kisanduku hata kimoja. "Tuandikie wewe ni nani, kwa maneno yako mwenyewe."

Bwana Sadock aliigeuza karatasi, akatazama nyuma yake, akairudisha. Vedasto akamwazima kalamu. Ilipofika saa saba mchana alikuwa ameandika neno moja, "Mimi", akalipigia mstari kwa rula, kisha akanyoosha mkono kama mtoto wa darasani akauliza kama kuna mahali pa kunakilia.