Nyama ya Mina Yenye Harufu ya Kakao

Godlove wa Makwale hakuwahi kuiba kitu cha mtu. Watu walimpa wenyewe, kwa mikono miwili. Kazi yake ilikuwa kuongea tu. Siku mfanyabiashara mmoja wa Kyela mjini aliporudi kutoka Hija, Godlove alikwenda kumpokea pamoja na umati, maana penye umati ndipo ilipo ofisi yake. Akaona tende moja ikigawanywa kwa watu wanne, Waislamu kwa Wamoraviani, na kila mmoja akifumba macho kabla ya kutafuna.

"Samahani, mzee," akamuuliza haji kwa adabu, "wale wanyama mnaochinja kule Mina, nyama yake huenda wapi?"

Haji akamweleza kuwa ni nyingi mno, na nyingine hupelekwa kwa maskini wa nchi mbalimbali. Akaanza kumfafanulia na masharti yake, lakini Godlove alishaondoka. Masharti hakuwahi kuyahitaji katika kazi yake.

Alichohitaji ni mbuzi. Nyumbani alikuwepo mmoja, beberu mweupe wa mkewe Damaris, aliyelishwa maganda ya ndizi miezi minane kwa ajili ya ubatizo wa mtoto wao Tusajigwe, Jumapili ile. Damaris alikuwa Talatala kwa mama yake mpaka Jumamosi. Godlove akajiambia huo si wizi, ni uwekezaji: anatoka mbuzi mmoja, wanarudi wawili, na mke anashukuru. Akamchinja, akakata nyama vipande vyembamba, akavipaka chumvi na iliki, akavianika kwenye kichanja cha kukaushia kakao. Siku ya tatu akanyoa kichwa, akaazima kanzu, akashuka Mwaya, ambako aliamini hajulikani.

Kufikia saa nne asubuhi Mwaya ilikuwa na Alhaji Habibu, meza, sinia lililofunikwa kitambaa cheupe, na foleni. Alhaji alieleza joto la Mina, wingi wa mahema, na jinsi alivyomchinja mnyama huyu kwa mkono wake huku machozi yakimtoka. Machozi yakamtoka tena. Kipande kidogo kama kidole alikitajia bei ya kuku mzima, na hakuna aliyeguna. Baraka bila kupanda ndege, nani angeguna? Nasema hivyo kwa uchungu, kwa kuwa mimi nilikuwa wa tano kwenye foleni, mtoto mgongoni na sahani mkononi, nikiwasukuma wa mbele.

Wa kwanza, mzee Zebedayo, alinusa kipande chake muda mrefu.

"Alhaji, mbona inanukia kakao?"

"Mzee wangu, Waarabu wanapenda sana chokoleti."

Mzee Zebedayo akaridhika. Tukaridhika sote.

Mzee alipoingiza mkono mfukoni atoe fedha, akasogea Bi Lusungu, yule anayevuka mto Songwe kila wiki kupeleka vitenge Karonga, Malawi, ambaye kaka yake alihiji miaka miwili iliyopita. Akamsalimia Alhaji vizuri sana, kisha akamuuliza kama kweli ni nyama ya mnyama wake wa Hija, aliyemchinja mwenyewe. Alhaji akasema ndiyo. Bi Lusungu akamwomba aseme kwa sauti, wa nyuma hawasikii. Alhaji akapanda juu ya kigoda akasema kwa sauti.

"Alhamdulillahi," akasema Bi Lusungu. "Basi haiuzwi. Nyama ya ibada hiyo hugawiwa, hata ngozi mwenyewe hauzi. Alhaji anajua, alikuwa anatutania."

Mzee Zebedayo akautoa mkono mfukoni, mtupu. Foleni yote ikamtazama Godlove juu ya kigoda. Alikuwa na njia mbili: aseme ni mbuzi wa Makwale, mbele ya watu arobaini na wavuvi wao wenye mikono mizito, au abaki haji.

"Nilikuwa nawatania," akasema.

Akagawa mpaka sinia likang'aa. Kila aliyepokea alipiga goti kidogo na kushukuru kwa Kinyakyusa, "Ndaga fijo, Alhaji," na kila ndaga ilimchoma kama sindano. Machozi ya mara hii hayakuwa ya kuigiza, nasi tukasema tazama haji alivyo na moyo laini.

Jumamosi Damaris akafika na mtoto mgongoni. Akaitazama kamba tupu, kisha kichwa cha mumewe kilichonyolewa.

"Baba Tusajigwe, mbuzi yuko wapi?"

Godlove akajipapasa kipara.

"Amekwenda Hija," akasema.

"Na amerudi." Damaris akamwekea kiganjani kifurushi cha jani la mgomba. Ndani kulikuwa na kipande kimoja kikavu, kinanukia kakao. "Bi Lusungu alipita Talatala jana. Amesema hili ni fungu la mwenye mbuzi. Kitenge cha ubatizo nilinunua kwake, hapahapa kibarazani, mbuzi akiwa pale kambani na wewe ukiwa umelala. Kumbe anakukumbuka hata bila nywele."

Godlove akakaa chini taratibu.

"Kesho wanakuja ubatizoni wote wa Mwaya, Bi Lusungu amewaalika," Damaris akaendelea, akimfungua mtoto mgongoni. "Kila mmoja na mchele wake, na samaki. Wanataka kumshukuru Alhaji. Mpishi ni wewe, na hiyo kanzu usiivue."

Jumapili tulikula tukashiba. Wali uliungua kidogo upande mmoja, lakini nani angemsema haji?