Miguu Yangu, Viatu vya Wenyewe

Jumatatu, tarehe 3 Machi
Nimestaafu! Miaka yote ile kiwandani nilikuwa mjaribu viatu. Navaa jozi mpya, natembea ukumbini kwenda na kurudi, nasema panabana wapi. Leo nimetembea sebuleni kwenda na kurudi mpaka mke wangu akauliza kama nina siafu kwenye suruali. Nikamwambia natafuta mwelekeo. Akasema mwelekeo upo: kaka yake anatafuta mlinzi wa kuku. Nisipopata shughuli kufikia Jumamosi, naenda huko. Mimi! Kwa shemeji! Yule Bwana Mipango, aliyesema siku ya harusi yetu kwamba dada yake angesubiri kidogo angepata mtu. Heri kuku wanilinde mimi.

Jumanne, tarehe 4
Nimewaza. Nikiulizwa mimi nani, nitasemaje? Lakini kiatu kilichovaliwa kinamjua mwenyewe. Nikijaribu maisha ya watu, nitaona yapi hayanibani. Akili hizo! Mwalimu jirani kaja kusalimia, kavua viatu mlangoni. Nikavivaa, nikatoka. Mara mikono nyuma, namsahihisha muuza nyanya namna ya kupanga mafungu. Akauliza na mimi nimeanza ualimu lini. Kisigino kimoja kimeliwa: mwalimu huyu hugeuka-geuka, anadhani nyuma wanamcheka. Leo wamemcheka kweli. Karudi kwake na kandambili za mke wangu, zenye maua.

Jumatano, tarehe 5
Fundi cherehani kaja kumpima mke wangu gauni. Nikachukua ndala zake. Ajabu! Mguu wa kulia ukawa unapiga pedeli wenyewe, hata kwenye foleni ya dukani. Mama mmoja akasema, "Babu, kama umebanwa, pita mbele." Nikapita. Kazi nzuri hii! Fundi akanikuta palepale, akanivua ndala mbele ya watu. Nimerudi peku.

Alhamisi, tarehe 6
Mvua. Hakuna mgeni. Nimevaa viatu vyangu mwenyewe. Havisemi kitu.

Ijumaa, tarehe 7
Shemeji kaja kunywa chai na kujisifu. Ana wafanyakazi, yeye huwaelekeza kwa kidole tu. Viatu vyake mlangoni vinang'aa kama bati jipya. Nikasema leo nitajua ukubwa unavaliwaje. Navaa: mbele vimejazwa matambara! Mkubwa wetu ana vimiguu vya mtoto! Soli nazo zimeganda mavi ya kuku. Nikataka kujua zaidi, nikapita nyuma ya nyumba yake. Kwa! Kwa! Kwa! Kuku wakasikia hatua, wote wakaruka uzio, wakanifuata. Nikakimbia, wakakimbia. Nikasimama, wakanitazama mkono. Kumbe mfanyakazi ni shemeji mwenyewe, na hana mwingine! Nimeingia sebuleni kwetu na msafara wangu kama bwana harusi. Mke wangu akacheka mpaka akakaa chini. Nikajua nimeshinda. Shemeji akafuta jasho, akasema, "Si unaona, dada? Hata kuku wamemchagua." Mke wangu akaacha kucheka, akaenda kunifungia nguo.

Jumamosi, tarehe 8
Nipo kwa shemeji. Kanipa viatu vyake vya zamani, vya kipimo chake halisi, maana kuku hawatambui sura, hutambua viatu. Vidole vyangu vinalia. Shemeji sasa anaelekeza kwa kidole kweli. Nimeapa: kiatu cha mtu sigusi tena, hata kiwe cha dhahabu.

Jumapili, tarehe 9
Kuku mmoja anakohoa. Daktari wa mifugo kaitwa. Yupo ndani anakunywa chai na shemeji, buti zake kaacha hapa kibarazani. Ndefu, soli nene, hazijaliwa upande wowote. Mtu asiyeyumba huyo! Hutembeaje? Nimeingiza miguu kidogo tu, mpaka getini na kurudi. Hazibani! Hazibani popote! Nimekaa nazo hapa getini, naandika, na moyo umetulia kwa mara ya kwanza tangu nistaafu. Kuna bwana anakuja mbio, anaziangalia buti. Anasema, "Daktari, afadhali nimekukuta, ng'ombe wangu anazaa, miguu ya nyuma ya ndama imetangulia!"

Miguu? Hapo amefika kwa mwenyewe. Nimemwambia twende.