Wakazi Wajao wa Bondeni

Kacha, kacha, kacha. Kulikuwa bado giza, na kopo lilikuwa likisema peke yake. Mpiga chapa wa Idara ya Mazingira Yajayo hakushtuka. Alijua ni bintiye, Chiriku, na makombe yake ya konokono, yale aliyookota Jumamosi yeye, mama yake, alipokuwa akimsubiri Mkurugenzi wa Idara asaini faili.

"Lala, mwanangu."

"Yenyewe ndiyo hayalali."

Asubuhi Mkurugenzi alisimama bondeni na kipaza sauti, akasoma tangazo ambalo mpiga chapa mwenyewe alikuwa amelichapa.

"Utafiti umethibitisha kuwa zamani za kale mvua zilizidi, na ziwa likameza nchi kavu. Mvua zimeanza kuzidi tena. Ziwa linarudi kwake. Hivyo, popote patakapopatikana kombe la kale ni mali ya ziwa. Wakazi waliopo watawapisha wakazi wajao, yaani kambare, mafunjo na kiboko. Bila ubaguzi!"

Hilo "bila ubaguzi" aliagiza liandikwe kwa herufi nene.

"Mheshimiwa," fundi viatu aliuliza, "huyo kiboko ameshaomba kuunganishiwa umeme?"

"Maombi yake yanashughulikiwa."

"Na sisi twende wapi?"

"Mtashirikishwa."

Wataalamu wake wakapiga jembe mlangoni kwa mpiga chapa, penye vyumba viwili alivyoviezeka bati juzi juzi tu. Likaibuka kombe moja, dogo kama kifungo cha shati. Mkurugenzi akalinyanyua juu, utadhani kapata jino la dhahabu. Mpaka rangi wa Idara akachovya brashi kwenye rangi nyekundu, tayari kuweka alama ya kubomoa.

"Moja tu?" Chiriku akasema. "Mimi ninayo ya kujaza kopo zima."

Akayamwaga miguuni pa Mkurugenzi. Makubwa, meupe, ya kale kabisa. Wataalamu wakapiga magoti. Mkurugenzi machozi yakamlengalenga.

"Hapo yalipotoka ndipo kitovu cha ziwa! Mpaka rangi, hapa subiri kwanza. Tunaanzia huko, leo hii, na tingatinga lifuate. Sitaki kusikia rufaa!"

"Hata mwenyewe akilia?" aliuliza mpaka rangi.

"Alie tu! Sheria haina shemeji." Akainama, akatabasamu kwa kamera. "Haya, binti mzuri, waambie wananchi: uliyaokota wapi?"

Mkono wa mpiga chapa ulitaka kumziba mwanawe mdomo. Akautia mfukoni.

"Kwenye msingi wa nyumba yako mpya, kule kilimani."